Tulifufua ndege za rimoti kwa mianzi na mafuta ya nyonyo, zikamponza rafiki yangu

Wakuu, habari za jioni. Haya yalinikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi. Aliyeishi Morogoro mwanzoni mwa miaka ya themanini anisahihishe nikikosea.

Juzi nimesoma humu vijana wakilalamikia bei ya vipuri vya droni. Nilicheka kidogo, halafu nikaumia.

Enzi hizo nilikuwa mwalimu wa sekondari pale mjini. Rafiki yangu Kobelo, Mluguru wa Mkuyuni, alikuwa fundi redio kwenye kibaraza cha shangazi yake.

Mhadhiri mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake alituachia ndege mbili ndogo za rimoti, zile za kupigana angani. Kila moja inaburuta utepe wa karatasi mkiani. Unamfukuza mwenzako mpaka panga boi la pua ya ndege yako likate utepe wake.

Zote zilikuwa zimevunjika. Moja haikuwa na bawa, nyingine ilikuwa imepasuka pua.

Kumbukeni wakuu, wakati huo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Vipuri vya ndege ungevipata wapi?

Tulichonga mbavu za bawa kwa mianzi. Pua tukaiziba kwa lile povu jeupe gumu la kufungashia friji. Mabawa tukayafunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ili ndege ikianguka yachomoke badala ya kuvunjika. Kwenye mafuta ya injini tulichanganya spiriti na mafuta ya nyonyo. Moshi wake ulinuka kama hospitali.

Rimoti aliziamsha Kobelo kwa vipande vya redio mbovu.

Jumapili tukawa tunarushia uwanja wa wazi nje ya mji. Zikigongana tunaokota vipande, tunarudi kibarazani, tunaunga, Jumapili inayofuata tena. Mimi nilishindwa karibu kila mara. Kobelo akinikata utepe alikuwa anakaa chini kwenye majani na kucheka peke yake. Sijawahi kuona mtu mzima mwenye furaha ile.

Watu wakaanza kuja kutazama. Akaja pia bwana mkubwa mmoja wa wilaya. Akapiga makofi, akatusifu kwamba huko ndiko kujitegemea kwenyewe.

Wiki iliyofuata akaja na mgambo wawili.

"Vijana, mitambo ya mawimbi ya redio haikai kwa watu binafsi," akasema. "Kuanzia leo hii ni mali ya umma."

Tukakabidhi. Ungebisha na nani?

Haukupita muda mrefu, dereva wake akaleta ndege zote mbili kibarazani zikiwa vipande vipande. Watoto wa bwana mkubwa walikuwa wamezichezea. Agizo lilikuwa zitengenezwe haraka, bure.

Kobelo alivitazama vile vipande, kisha akamjibu dereva kwa upole, "Mwambie mzee, umma wenyewe ndio sisi, na hatujaziona ndege zetu angani. Sitengenezi."

Nilimsihi aziunge tu kwa gundi yaishe. Akakataa.

Mwezi haukuisha, ukaja msako wa wasio na kazi. Mtu mwenye meza, koleo na foleni ya redio za wateja akaandikwa mzururaji. Nilikwenda ofisini kumtetea, nikaambiwa mwalimu arudi darasani. Wakampakia kwenye lori na wenzake, wakapelekwa Kisaki kulima.

Sina ushahidi kwamba ni bwana mkubwa. Siwezi kuapa. Ila najua ninachokijua.

Nilipopata likizo nilimfuata. Nilimkuta amekonda, mikono imechanika kwa jembe. Nilikuwa nimembebea koleo lake na waya wa risasi wa kulehemu, nikidhani ataanzisha ufundi huko.

Akanirudishia.

"Mwalimu, nina redio moja hapa," akasema. "Siku ikifa naitupa."

Msako ulipopoa hakurudi mjini. Alizeeka huko huko, akafia huko huko, na sikumwona tena akifungua hata tochi.

Funzo nililopata ni chungu, wakuu. Bawa tuliliunga kwa mwanzi likaruka. Moyo wa fundi aliyedhulumiwa sikupata cha kuuungia.

Mnaopita humu, hasa mliopakiwa kwenye yale malori au wazazi wenu, semeni chochote. Nasoma kila komenti.