Nyama ya Mguu

Nilikuwa na miaka sitini na minne na sikuwa mgonjwa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kwanza nilikuwa naumwa nini. Sikuumwa kitu. Nilikuwa nimestaafu ukarani, naishi kwangu mjini, Kilakala, na wanangu walisema nimefanya kazi ya kutosha, sasa nipumzike. Nikapumzika kwelikweli. Dada wa kazi alifua, akapika, akafagia. Mimi nilikaa kwenye kochi. Hata dukani mtaa wa pili nilipanda bodaboda.

Mama yangu, aliyekwisha kupita themanini, alikuwa juu milimani na maharage yake na migomba yake. Alikataa katakata kushuka kuishi nami.

Mwaka jana alifiwa na mdogo wake, nikapanda kwenda msibani. Bodaboda iliniacha barabara ilipoishia. Kipande kilichobaki, ambacho utotoni nilikipanda na ndoo ya maji kichwani, nilikipanda nikisimama kila baada ya hatua chache. Nikasingizia viatu.

Baada ya mazishi wanawake tulikaa uani kwenye mkeka, tukala. Mmoja akasema tuinuke tukaoshe vyombo. Wote wakainuka. Mimi nikabaki.

Nilidhani miguu imekufa ganzi. Nikaiminya, nikasikia vidole vizuri kabisa. Nikaegemea mkono, nikajisukuma. Nikainuka kama shubiri moja, mapaja yakatetemeka, nikarudi chini puu. Mara ya pili vilevile. Hayakuuma hata kidogo. Yalikuwa hayana nguvu tu, kama ya mtu mwingine.

Mama alikuwa anapita na ndoo. "Mbona umekaa?"

"Nashindwa kuinuka, mama."

Akacheka, akidhani natania. Kisha akauona uso wangu. Akatua ndoo, akanishika kwapani, akaninyanyua. Peke yake! Nilisimama mbele ya wifi zangu, nimenyanyuliwa na ajuza aliyenizaa, nisijue pa kuweka macho.

Akaniingiza ndani, akaniambia nipandishe kitenge. Akaliminya paja langu kwa mikono miwili, vidole vikazama. Kisha akaniwekea mkono wangu kwenye lake. Lilikuwa jembamba, gumu kama mpini wa jembe.

"Mwanangu, nyama ya mguu umeipeleka wapi?"

Nililia, na safari hii sikumlilia marehemu.

Niliporudi mjini nilikwenda hospitali, kwa mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame. Sikuweza.

"Umri unapunguza misuli, mama, na sisi wanawake tukishakoma hedhi ndiyo zaidi," alisema. "Lakini wewe umeusaidia umri."

"Inarudi?"

"Kiasi. Ukiitumia."

Nilianza kwa kushika meza, nasimama na kukaa, nasimama na kukaa, mpaka mapaja yanawaka. Nikamwambia dada aniachie kufua na kwenda sokoni. Mwanangu wa kwanza alinipigia simu kwa hasira. "Mama, watu watasema tumekutelekeza!" Nikamjibu waseme. Baada ya miezi mitatu nilisimama bila kushika kitu, nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni.

Halafu jumuiya yetu ya kanisa ikasali kwangu. Sala zilipokwisha niliwaomba wanawake wa rika langu wakunje mikono, wasimame. Walicheka wakidhani ni mchezo. Walikuwa saba. Waliosimama ni wawili.

Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa maneno mengi siku zote, alikuwa anayatazama magoti yake kama anayaona mara ya kwanza.

"Nilidhani kochi lako ndilo limezama, kumbe ni miguu yangu," akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Siku hizi, alfajiri kukipambazuka, sisi wanane tunapanda kwa miguu hadi Bigwa. Bado nahema sana kwenye mwinuko, na mapaja yangu hayajawa kama ya mama. Hayatakuwa. Lakini mkekani nainuka mwenyewe.