Kulishika Paa Kama Dume

Kwetu Kenyamonta upepo zamani ulikuwa na adabu. Ulitangulia mvua, ukalaza migomba miwili mitatu, ukaenda zake. Miaka kumi hii umekuwa mgeni asiyepiga hodi. Unakuja mtama ukiwa umeanikwa, unakuja na mvua ya mawe inayoua kuku, tena unachagua. Hilo la kuchagua ndilo lililokuwa likiniumiza kichwa. Uling'oa paa la kanisa la matofali, ukaacha choo chetu cha magunia. Nilikizunguka choo kile, nikakisukuma kwa mkono, kikayumba.

Baba hakuwa na habari na maswali yangu. Alikuwa na mabati yake, aliyoyanunua kwa kuuza ng'ombe, na kwetu kitu kilichonunuliwa kwa ng'ombe nacho ni ng'ombe. Kwa hiyo alifunga kwenye kenchi za paa kamba zile zile za kufungia mafahali. Wingu likiiva weusi aliita, "Shikeni!" nasi tukaning'inia, kila mtu na kamba yake, kama tunamzuia dume asitoroke. Mama peke yake alikataa. Alikaa jikoni kwake, kwenye kibanda cha nyasi, akatuita wajinga.

Nilipohamia Nkende, Tarime mjini, nilirudi nyumbani kila masika. Nilisema nakuja kulima. Ukweli ni kwamba nilitaka kuutazama upepo, na zaidi nilihofia baba asije akadhurika. Kaka zangu walishahama na familia zao, wa kushika tukabaki wawili. Naye mzee alikuwa amekwisha mwili, hana uzito wa kumzuia hata ndama.

Mwaka jana upepo ulikuja alasiri, jua likiwaka. Mabati yakaanza kupumua, nasi wawili tukashika kamba zetu. Kenchi ikanyanyuka na baba akanyanyuka nayo. Nikaona nyayo zake zimeiacha sakafu, ndala moja imebaki chini. Niliogopa sana, na bado macho yangu yakapanda juu kuona misumari inavyochomoka. Kumbe upepo hausukumi paa! Unaingia mlangoni, unakosa pa kutokea, unaliinua kutoka ndani. Choo cha magunia ulikuwa unakipita tu.

"Tata, achia!" nikampigia baba kelele. "Achia, utakufa!"

Akaachia. Aliangukia magoti, na paa likaruka hadi kwenye mihogo ya jirani. Mvua ikafuata, ikatunyeshea hapo hapo sebuleni. Nilimwinua huku namfokea: miaka yote hii, mtu mzima anashindana na upepo kwa ajili ya bati?

Baba alishika mikono yangu, akaigeuza. Viganja vilikuwa vimechunika kuliko vyake, na kipande cha kamba iliyokatika kilikuwa bado kimo ndani.

"Na wewe je? Mbona hukuachia?"

"Ningekuachaje upae peke yako, Tata?"

"Sasa mimi," alisema, "ulidhani nilikuwa naning'inia pale juu kwa ajili ya nani?"