Kasha la Kompyuta

Nisitirini wenzangu, maana hapa Mutsamudu sina tena uso wa kutembea nao. Kompyuta pekee ya ofisi ya serikali ililetwa kutoka Moroni, ganda lake la bati limeliwa na kutu. Nikaitwa mimi, fundi wa makasha ya maharusi. Bati lilikuwa na matundu tele yaliyopangwa safu safu, nikaona aibu. Kasha langu nililiunda kwa mbao za mkafuri zinukiazo, nikaziba kila upenyo, hata mende asipite.

Siku ya kuiwasha walikuja wakubwa, na mamluki mmoja wa Kizungu na bunduki yake. Punde chumba kikanukia.

“Mashallah, fundi,” akasema mkuu wa ofisi, “hata udi umetufukizia!”

Nami, mpumbavu, nikatabasamu.

Moshi ulipochomoza kwenye maungio, mkuu akauliza taratibu, “Fundi, chetezo kiko wapi?”

Nikalinyooshea kasha kidole.