Burizeta ya Zedekiah Were

Zedekiah Were alipikia Wazungu kumi na mmoja kabla ya Profesa Hallmann, na kati ya wote ni Profesa peke yake aliyewahi kumwuliza kitu kisichohusu chakula. Ilikuwa mwaka 1957, Kileleshwa, nyumba zikiwa bado chache na ua wa kila nyumba ukiwa mrefu kuliko mtu.

Maisha ya bwana wake aliyajua vipande vipande, kama wapishi wanavyojua mambo, akipita na sinia. Alikuwa Mjerumani, msomi wa lugha zilizozaliwa na Kilatini: Kifaransa, Kitaliano, Kireno na ndugu zao. Kisha akaingia siasa, akakaa bungeni kwao miaka minne, hadi wapiga kura walipomtoa kwa kishindo. Hakuzungumzia kushindwa kule, ila kila gazeti lilipoleta habari za uchaguzi, hata wa nchi asiyoijua, supu yake ilipoa mezani. Nairobi alikuja kufundisha Kifaransa mjini, na kuwinda maneno ya Kireno yaliyojificha ndani ya Kiswahili.

Zedekiah naye alikuwa na siasa yake. Aliutaka uenyekiti wa chama cha watu wa kwao waishio Nairobi, chama kilichosafirisha maiti nyumbani na kupatanisha wenye ndoa. Mpinzani wake, Tobias, alikuwa karani wa ghala, na Jumamosi zake zote zilikuwa huru kwa kuzunguka na kusalimu watu. Zedekiah Jumamosi alikuwa na wageni wa Profesa wa kuwapikia.

Wakapatana hivi: kwa kila neno la Kireno ambalo Profesa hakuwa nalo, Zedekiah angepata Jumamosi moja. Meza, mvinyo na bendera Profesa alikuwa nayo tayari. Foronya ilileta Jumamosi ya kwanza, parafujo ya pili. Karata ilikataliwa, maana ilikuwa tayari kwenye kadi zake. Wiki ya tatu kichwa kilikauka kabisa, na wazee wa chama walikuwa wanamngoja mjini. Alikuwa anaepua sufuria kwa kile kitambaa chake chenye kingo zilizoungua, Profesa akachungulia jikoni.

"Na hicho mnakiitaje?"

Watu walikiita kitambaa cha kushikia sufuria. Zedekiah alikitazama, kisha akatazama dari. "Hii, Bwana? Hii ni burizeta."

Profesa aliandika kwenye kadi. Lakini msomi ni msomi. Akasema kesho asubuhi atapita jikoni kwa majirani kuhakikisha.

Alasiri ile Zedekiah alipenya ua wa nyumba moja hadi nyingine. Nakhumicha, yaya wa jirani, alicheka mpaka mtoto akaamka, kisha akakubali. Ajwang wa bustani alitaka kujua kwanza kama kuna kifungo cha jela ndani yake. Nzuki, dereva wa nyumba ya kona, alilikariri neno lile huku akiosha gari, kama mtoto wa shule.

Asubuhi Profesa aliuliza, Zedekiah akiwa nyuma yake na kikapu cha sokoni. Nakhumicha alisema "purisheta." Ajwang akasema "buriseta." Nzuki, aliyelikariri kuliko wote, akasema "mbulisheta." Kila mmoja alikuwa amelipitisha kwenye lugha ya mama yake. Zedekiah alianza kuwaza atakavyofunga nguo zake.

Profesa alirudi nyumbani amewiva uso. "Matamshi matatu! Neno jipya lina mdomo mmoja, Zedekiah. Hili limetembea. Lina miaka mia tatu, pengine mia nne."

Akampa Jumamosi mbili.

Kwa kuwa kitambaa kile hakikuwa na jina, neno lilibaki. Wapishi waliitana kwalo njiani. Wale waliokuwa watu wa kwao na Zedekiah walilipeleka mjini pamoja na jina lake, na kufikia Agosti hata wake za makarani walikuwa wanaulizana burizeta iko wapi. Ndipo Tobias alipopata habari limetoka wapi.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili, katika ukumbi wa kanisa mjini, kibali cha serikali kikiwa kimebandikwa mlangoni. Zedekiah alipoinua macho alimwona Profesa kwenye benchi la mwisho, kofia magotini. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amesikia neno uchaguzi, basi.

Tobias alimwona pia, akasimama kwa furaha.

"Ndugu zangu, huyu Were amemdanganya bwana yake. Burizeta! Nani hapa alilisikia kwa nyanya yake? Mzungu mwenyewe ndiye huyo, leo ajue."

Vichwa viligeukia benchi la mwisho. Zedekiah aliona uenyekiti na jiko vinaondoka pamoja, vimeshikana mikono.

Peres, mke wa Tobias, alikuwa upande wa chai. Hotuba hakuisikiliza, maana alikuwa ameisikia nyumbani wiki nzima. "Baba Lornah," aliita, "nirushie hiyo burizeta iko kwa kiti yako. Hii birika inanichoma."

Tobias, kwa mazoea ya ndoa, aligeuka, akakiokota kitambaa na kumrushia.

Kicheko kilichofuata ndicho kilichopiga kura.

Jumatatu Profesa aliingia jikoni na ile kadi. Alikuwa amefuta "Kireno" na kuandika "Kileleshwa." Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Zedekiah zaidi.

"Kwetu," Profesa alisema, "hata ndugu yangu wa damu hakunipigia kura. Wewe uliwaombaje?"

"Sikuomba kura, Bwana. Niliomba wanisaidie kudanganya."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, alimwambia aandae chakula cha wageni sita, maana Jumamosi hiyo hakuna ruhusa. Kikao cha kwanza cha mwenyekiti mpya kikasogezwa hadi Jumapili, baada ya ibada.