Chini ya Gari ya Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, foreman wa gereji pale Thika hakunisalimu. Aliangalia sketi yangu, akaangalia mikono yangu, kisha akanirushia ovaroli iliyokuwa imeachwa na fundi aliyehama. "Mama, hapa hatupiki," akasema. Nikamwambia hata mimi nimetoroka kupika. Mafundi wakacheka, yeye hakucheka. Akanionyesha lori iliyoinuliwa kwa jeki na mbao. "Ingia chini. Ukitoka uniambie ni nini inavuja."

Nilitandika kaboksi, nikalala chali, nikaingia. Nilitoka na oili kwa nywele, nikamwambia ni sili ya giaboksi, ile mpira inayozuia oili isitoke. Akaitikia kwa kichwa, na tangu hapo nikawa fundi wake wa kuingia chini. Alikuwa na swali moja ambalo hakuchoka kutuuliza: "Kama mtu amepaka gari rangi huko chini, anampakia nani?"

Baadaye nikahamia Ruiru, kwa ofisi ndogo iliyokagulia watu magari ya mitumba kabla hawajanunua. Meneja wetu alikuwa mtu wa suti, lakini kazi aliijua. "Mama Nafula," alikuwa akiniambia, "muuzaji akiongea, wewe gusa." Basi nikawa wa kugusa. Nilianza na boneti. Ikiwa moto kabla sijafika, nilijua gari imepashwa ili isikohoe mbele ya mteja, na nilingoja ipoe. Nilifungua kifuniko cha oili. Ukikuta kitu kama uji wa maziwa, maji yameingia kwa injini, rudi nyumbani. Niliinua kapeti nikanusa, kwa sababu gari iliyolala kwa mafuriko haifichi harufu yake. Na mkiambiwa gari ilikuwa ya mama fulani, ya kwenda kanisani tu, msichangamke sana. Mimi ni mama wa kwenda kanisani, na kila shimo la barabara ya Gitothua, hapa Ruiru, nimeliingia.

Mwisho kabisa nilikuwa naingia chini. Siku hizi vijana mnanunua gari kwa picha za simu, na sijawahi kuona picha ya chini ya gari. Nimewakaripia wengi kwa hilo. Ndiyo maana ninachosimulia sasa kinanichoma mpaka leo.

Nilikuwa nimestaafu, niko kwangu Gitothua, Barasa alipokuja na gari. Barasa ndiye aliyemwoa binti yangu Nafula. Sisi ni watu wa magharibi, na kwetu mama mkwe na mkwe wanaoneana haya. Hatupeani mikono, hatuli meza moja, na mama akinyoosha miguu mbele ya mkwe wake ni kama amevua nguo. Tangu harusi tulikuwa tumesalimiana kwa mbali, yeye akiangalia ua, mimi nikiangalia kuku.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, majirani wako kanisani. Alisimama kando ya lango. "Mama, nimenunua hii. Nafula na mtoto wameshafunga mizigo, nikitoka hapa nawapitia twende nyumbani Bungoma. Nimeona uiangalie kwanza."

Nilimwambia afungue boneti asogee. Injini ilikuwa safi, oili safi, kapeti kavu. Ikabaki chini. Huko huwezi kukagua peke yako, mtu lazima atingishe gurudumu huku wewe umeshika vyuma usikie kama vinacheza. Na mtu alikuwa mmoja tu. Nikafikiria miguu yangu ikitokeza pale, yeye amechuchumaa kando. Nikafunga boneti nikasema, "Iko sawa."

Mimi, baada ya miaka yote ile.

Akashukuru, akaanza kurudi nyuma kuelekea barabarani. Alipokata usukani, tairi ya mbele ilinigeukia nikaona imelika upande wa ndani, na ya pili haijalika. Kitu kimepinda huko. Nilisikia aibu ya uongo niliousema, na aibu ya kile nilichotakiwa kufanya, sijui ipi ilikuwa kubwa. Nikagonga boneti kwa kiganja. "Barasa, simama."

Nilivaa ovaroli yangu ya zamani, nikatandika kaboksi. Barasa alitia jeki, akaweka mawe, akachuchumaa akashika gurudumu, uso ameugeuzia ua. Nikaingia.

Kule chini kulikuwa na rangi nyeusi, mpya, inang'aa. Nikamkumbuka foreman. Nikakwangua na bisibisi kwenye mkono, kile chuma kinachoshikilia gurudumu, na chini ya rangi nikakuta kimechomelewa. "Tingisha," nikasema. Akatingisha. Ufa pale kilipochomelewa ulifunguka ukajifunga mbele ya macho yangu. Nikawaza mteremko, Nafula amempakata mtoto, gurudumu linajikunja.

"Barasa, inama uone mwenyewe."

"Mama, siwezi."

"Inama."

Kisha nikasikia kitu kikitua miguuni pangu. Alikuwa amevua koti lake la kanisani akanifunika. Ndipo akainama. Aliangalia ule ufa muda mrefu, mimi nikimmulikia na simu, nyuso zetu karibu kuliko tulivyowahi kuwa. "Wangekuwa ndani," akasema. Akainuka akaenda zake nje ya lango. Sikutoka chini ya gari mpaka viatu vyake viliponyamaza.

Habari ilifika kwetu magharibi kabla yake, sijui kwa njia gani. Wazee wakasema tumevunja mwiko, Barasa apeleke mbuzi. Akapeleka. Shangazi mmoja alinipigia akaniuliza kama huku Ruiru hakuna wanaume mafundi. Hata leo nikikutana na Barasa naangalia kuku, na ninyi mnaweza kucheka, lakini uso unawaka vilevile. Ninaloona haya zaidi ni lile neno "iko sawa". Hilo sijalitolea mbuzi.

Gari ile aliirudisha yadi alikoinunua, kwa vita. Majuzi akanunua nyingine. Nilisikia honi, nikatoka, nikamkuta Nafula amechuchumaa, tayari ameshika gurudumu. Gari ilikuwa juu ya jeki. Barasa alikuwa mbali kwenye kona ya barabara, ametupa mgongo, na chini ya gari kulikuwa na kaboksi jipya lililotandikwa vizuri, na koti juu yake.

Nikaona haya tena. Nikaingia.