Koleo la Mpini wa Mfupa

Mjomba wangu, fundi saa mstaafu, amejaza sebule makoleo ya kale ya kung'olea meno. Mgeni hanywi chai kabla hajaonyeshwa lile lenye mpini wa mfupa. "Hili liling'oa magego bila ganzi, na hakuna aliyelia!" Utadhani alikuwepo.

Mwezi jana gego likamuuma yeye. Mkuki kwa nguruwe, bwana! Akalifunika kabati la makoleo kwa shuka. Siku ya tatu mimi na mkewe tukamburuta kwa daktari wa meno.

Daktari alipotoa koleo linalong'aa, mjomba aliruka kitini. "Jipya mno hilo! Nitarudi likishazeeka."

"Mwanangu," mkewe akaniambia, "kimbia nyumbani ukalete lile la mfupa."

Mjomba akarudi kitini, akapanua kinywa bila kuombwa.