Njaa Waliyosema Imenisomesha

Kwetu Misigiri baba hakuwa mtu wa viboko. Ukikosea, alikuketisha mbele ya wenzako wakila, wewe utazame tu. Yeye mwenyewe akiwa mdogo alizika ndugu zake waliokufa kwa njaa. Aliijua njaa kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na bado akaifanya fimbo ya kutuchapia. Hilo sijamsamehe.

Nilipokwenda chuo kikuu Uganda, enzi za Mwingereza, chakula kilikuwepo tele, ndizi na nyama. Lakini nikikosea swali moja tu darasani, chakula hakikupita. Nilishinda bila kula, kisha usiku nikatafuna mkate chini ya blanketi kama mwizi. Daktari wa chuo akanipa dawa ya minyoo. Minyoo gani?

Likizo nikarudi nimekonda, suruali nimeifunga kwa kamba. Hakuna aliyeniuliza kulikoni. Majirani walikuja kumpongeza baba kwa kupata msomi, wakakaribishwa chakula, wakataka kujua alinileaje. Baba akajibu kwa fahari, "Huyu nilimnyima ugali mpaka akili ikamkaa sawa." Watu wazima na akili zao wakamsifu. Mmoja akasema wa kwake ataanza naye jioni hiyo hiyo.

Damu ilinichemka. Pale mlangoni alikuwa ameketi mdogo wangu wa kike. Asubuhi alivunja kibuyu cha maziwa, kwa hiyo ilikuwa zamu yake ya kututazama tukila.

"Baba, nisamehe kwa kusema mbele ya wageni," nikasema. "Njaa haikunisomesha. Imeniumiza. Mpaka leo kula mbele ya watu kunanishinda."

"Haya, kula tukuone," baba akasema.

Nikamega tonge la ugali wa uwele, nikachovya kwenye mlenda, nikatia mdomoni. Likakataa kushuka. Wote walikuwa wakinitazama, nikadhani sasa wataelewa. Baba akawageukia wageni akitabasamu. "Mnaiona adabu hiyo? Msomi mzima, na bado hali mbele ya baba yake mpaka aruhusiwe."

Wakacheka, wakamsifu tena. Nilikasirika. Nikainua bakuli langu, nikaenda kuliweka mbele ya mdogo wangu.

"Kula," nikamwambia.

Midomo ilikuwa imemkauka. Alimtazama baba kwanza.